Enamu: orodha isiyopokea jina geni

Ukituma pesa kwa simu, muamala huwa unasubiri, umekamilika au umeshindikana. Tuseme programu yake imeandikwa kwa lugha ya Java. Zamani waandishi wa programu waliziwakilisha hali kama hizo kwa namba: 0, 1, 2. Lakini namba ni namba tu. Mtu akiandika 7 kwa makosa, kompyuta huipokea bila kulalamika, na kosa huja kuonekana pesa zikiwa njiani. Mwaka 2004, Java toleo la 5 lilileta enamu: hali zote hutajwa kwa majina tangu mwanzo, na jina lisilokuwemo hukataliwa programu ikiwa bado inatayarishwa, haijafika simuni kwako. Kwetu hilo ndilo kubwa. Tena kila jina huweza kubeba maelezo yake, kama vile ujumbe utakaotumiwa.