Umri wa Mnunuzi

Mwaka 2003 Bunge la Tanzania lilipotunga Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku na kukataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, Njombe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Huko Njombe, Makambako ilikuwa mji uliokuzwa na njia: barabara kuu ya Zambia, reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, kisha lami ya kwenda Songea. Malori yalilala hapo, na penye madereva hapakosi vibanda. Sigara iliuzwa moja moja, kwa sarafu ambayo hata mtoto wa darasa la tano huipata.

Sheria ilidai umri, lakini watoto wengi hawakuwa na umri ulioandikwa popote. Muuzaji alikadiria kwa macho: kimo, sauti, sare ya shule. Na mtoto alikuwa na jibu moja: nimetumwa na baba. Mara nyingi alikuwa kweli ametumwa. Hapo ndipo sheria ilipokwama, kwa sababu mtoto akitumwa huenda, na kumkatalia ni kama kumkatalia mzazi wake. Sheria haikuuliza atakayeivuta sigara ni nani. Ilikataza kumuuzia mtoto, basi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilirudia katazo hilo na kumruhusu mwenye duka mwenye shaka kudai uthibitisho wa umri. Uthibitisho upi? Vitambulisho vya taifa vya NIDA vilianza kutolewa mwaka 2013, tena kwa watu wazima. Cheti cha kuzaliwa kilimaanisha safari ya wilayani na nauli, na kaya nyingi ziliahirisha.

Mwaka 2016 RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ilipeleka Iringa na Njombe mpango wa kusajili walio chini ya miaka mitano, bila malipo, kwenye zahanati na ofisi za kata. Mama alipeleka mtoto kliniki akarudi na cheti. Udhibiti wa tumbaku nao ulikabidhiwa kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mwaka 2021, na ukaguzi wa maduka una uzito wake. Hata hivyo, naamini wauguzi wa zahanati zile, bila kuitaja sigara, waliifanyia sheria ya 2003 kazi kubwa kuliko mkaguzi yeyote. Waliozaliwa mwaka 2016 watatimiza miaka 18 mwaka 2034. Kwa sasa vyeti vyao viko sandukuni kwa mama, nao wanaendelea kutumwa dukani.