Konda Hulipwa, Abiria Hudai: Fidia ya Majeruhi wa Barabarani Tanzania Bara

Basi la abiria likipinduka, konda na abiria aliyeketi karibu naye wanaweza kuvunjika miguu papo hapo na kulazwa wodi moja. Konda aliyeajiriwa na kampuni inayochangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) haulizwi nani alikosea. Yatosha kwamba ameumia kazini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, inamgharimia matibabu, inamlipa kwa kipindi asichoweza kufanya kazi, na ulemavu wake wa kudumu ukizidi asilimia 30 inampa pensheni ya kila mwezi. Abiria, ambaye ndiye aliyelipa nauli, anatakiwa athibitishe kwamba dereva alizembea, amtambue mmiliki wa gari na bima yake, na ikibidi afungue kesi ya madai. Makala hii inadai kwamba tofauti hiyo haina msingi wa haki wala wa uchumi, na kwamba Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ibadilishwe ili majeruhi wa barabarani alipwe stahili za msingi bila kwanza kuthibitisha kosa la mtu.

Mfumo tulio nao una mizizi miwili, na yote ni ya Uingereza. Kanuni ya kwamba asiye na kosa halipi iliingia Tanganyika pamoja na sheria za Kiingereza zilizopokewa kufikia tarehe 22 Julai 1920. Bima ya lazima nayo ilitungwa enzi za mkoloni kwa kielelezo cha sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1930. Bima hii, ambayo wenye magari huiita bima ndogo, haimlindi majeruhi moja kwa moja. Inamlinda mwenye gari dhidi ya deni atakalotiwa na mahakama, na kampuni ya bima inawajibika kulipa baada ya hukumu dhidi ya mteja wake. Palipo na gari lililokimbia lisijulikane, hakuna mdaiwa. Pasipo na mdaiwa hakuna hukumu, na pasipo na hukumu kampuni haina cha kulipa. Waingereza wenyewe waliliona pengo hili mapema. Mwaka 1946 kampuni zao za bima zilikubaliana na serikali kuunda Motor Insurers' Bureau, chombo cha kulipa waliogongwa na magari yasiyo na bima na, baadaye, hata yasiyojulikana. Sisi tulirithi tatizo la mwaka 1930 bila kurithi tiba yake.

Tuiangalie njia anayopita mdai. Huanza na fomu namba 3 ya polisi, yaani PF3, kisha ramani ya ajali iliyochorwa na askari wa usalama barabarani, ripoti ya ukaguzi wa gari, nakala ya hati ya mashtaka na ya hukumu ya kesi ya trafiki, taarifa ya daktari inayotaja kiwango cha ulemavu, na risiti za kila alichonunua. Aliyelazwa miezi kadhaa hawezi kuzifuatilia mwenyewe. Hutuma shemeji au kaka, na kila safari ya kituoni ina gharama yake. Akifika kwenye umiliki wa gari mara nyingi hukuta kadi bado ina jina la mtu aliyeliuza zamani bila kubadilisha usajili, na mabishano ya nani mwenye gari yanaanza upya mahakamani.

Kikwazo kinachostahili kutazamwa zaidi ni uhusiano kati ya kesi ya jinai na ya madai. Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai ni ushahidi usiopingika wa hatia ya aliyetiwa hatiani, na vilevile wa kutokuwa na hatia kwa aliyeachiwa huru, kwa kosa lile lililoshtakiwa. Upande wa kwanza wa kanuni hii humsaidia majeruhi: dereva akikiri kuendesha kwa uzembe na kulipa faini, uthibitisho umekwisha kupatikana. Upande wa pili ni hatari kwake. Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri. Majeruhi ndani yake ni shahidi tu, pengine hata hakuitwa kwa kuwa alikuwa bado kitandani. Mwendesha mashtaka akileta ushahidi dhaifu na dereva akaachiwa, majeruhi anafungwa na matokeo ya shauri asilokuwa na sauti ndani yake. Kinadharia bado anaweza kudai kwamba uzembe wa kimadai una kipimo chepesi kuliko ule wa jinai. Kwa vitendo, wakili wa kampuni ya bima ataiweka hukumu ile mezani kama ngao, na mdai ataanzia nyuma.

Hata anayeshinda hashindi yote. Fidia mahususi, yaani gharama za hospitali, dawa, nauli na mapato yaliyopotea, lazima itajwe waziwazi katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Mahakama ya Rufani imelishikilia hilo kwa miongo. Kanuni hiyo inafaa biashara yenye vitabu vya hesabu. Mama anayeuza samaki sokoni Feri, au fundi anayelipwa kwa siku, hana karatasi inayoonyesha kipato chake, kwa hiyo mapato yake halisi humezwa ndani ya fidia ya jumla, ambayo hakimu huikadiria kwa busara yake. Nayo hutolewa mara moja tu. Goti likiharibika zaidi miaka 5 baadaye, au mfupa ukioza ndani ya chuma, hakuna mlango wa kurudi.

Ndiyo maana wengi humalizana nje ya mahakama. Sipingi maridhiano, yakifanywa kwa haki huokoa muda na fedha. Lakini maridhiano kati ya kampuni yenye mawakili na mtu anayedaiwa ada ya shule na kodi ya nyumba hayana pande mbili zilizo sawa. Majeruhi husaini hati inayosema amepokea malipo kamili na hatadai tena, mara nyingi kabla daktari hajajua ulemavu utaishia wapi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) inao uwezo wa kuzidhibiti hati hizi, na ingefaa izikataze kusainiwa kabla ya taarifa ya mwisho ya daktari.

Majirani wamejaribu njia tofauti, na majaribio yao yanafundisha. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 1989, iliweka ukomo wa shilingi milioni 1 ya nchi hiyo kwa kila mtu aliyedhurika, kiasi ambacho thamani yake imeliwa na mfumuko wa bei. Kenya inaiwekea kampuni ukomo wa shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu, lakini ukomo huo haumsaidii mdai kampuni inapofilisika: United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na zote zilikuwa na wateja wengi wa matatu. Rwanda ina mfuko maalumu wa dhamana unaolipa waliogongwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Afrika Kusini ina mfuko unaotokana na tozo ya mafuta, ila ulibaki na sharti la kuthibitisha uzembe, hivyo sehemu kubwa ya fedha imekwenda kwenye mabishano ya kisheria na mfuko umeelemewa na madeni. Namibia ilijifunza kwa jirani yake: sheria yake ya mwaka 2007 inawapa majeruhi stahili za msingi bila kujali kosa, kwa viwango vyenye ukomo. Njia ya Namibia ndiyo inayotufaa.

Watapinga wengine kwamba kulipa bila kuuliza kosa kutawapa madereva kiburi. Hofu hii inachanganya mambo mawili. Anayemwadhibu dereva ni sheria ya jinai, kwa faini, kifungo na kufungiwa leseni. Kwa upande wa fidia, mlipaji tayari ni kampuni ya bima, si dereva. Mfuko ukipewa haki ya kumrudia aliyeendesha amelewa au bila bima, uwajibikaji utaongezeka. Pingamizi la gharama lina uzito zaidi. Lakini WCF inaendeshwa kwa mchango wa nusu asilimia ya mishahara, ina madaktari na taratibu za kupima ulemavu, na lita ya mafuta tayari inabeba tozo ya barabara. Hatuanzi kwenye jangwa.

Kuna kundi ambalo bila mabadiliko haya halitafikiwa kamwe: waendesha bodaboda na waenda kwa miguu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ni vya watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki. Mwendesha bodaboda huumia akiwa kazini, lakini kwa kuwa amejiajiri WCF haimtambui. Akianguka peke yake kwenye shimo la barabara, hana wa kumshtaki isipokuwa mamlaka ya barabara, na kesi ya namna hiyo si ya mtu wa kipato chake.

Napendekeza mambo matatu kwa Tume ya Kurekebisha Sheria na kwa Bunge. Sura ya 169 iilazimu kila bima ndogo kulipa matibabu na posho ya kipindi cha kuumwa, kwa kiwango chenye ukomo kinachopitiwa kila baada ya muda, bila kusubiri hukumu. Uundwe mfuko wa waliogongwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima, uchangiwe na sehemu ya ada za bima na usimamiwe kwa uzoefu wa WCF. Na Sheria ya Ushahidi irekebishwe ili kuachiwa huru kwa dereva kusimfunge majeruhi ambaye hakuwa mhusika wa kesi. Hadi hayo yafanyike, majeruhi ana miaka 3 ya kufungua madai yake tangu siku ya ajali, na muda huo hausimami kwa sababu kesi ya trafiki haijaisha.