Ubao Uliogeuka Bodi

Neno la Kiingereza 'board' ni ubao tu, huu wa kupigwa msumari. Lakini tazama lilikofika: watoto wanalala boding, shule inasimamiwa na bodi. (Sheng nayo imefanya mbao kuwa shilingi 20, ila hiyo ni hadithi nyingine.) Nilitaka kujua ubao uliingiaje huko kote.

Jibu liko mezani. Uingereza ya zamani, nyumba nyingi hazikuwa na meza ya kudumu. Wakati wa kula, ubao mrefu uliwekwa juu ya viegemeo, watu wakala, kisha ukatolewa. Kwa hiyo 'bord' ikawa jina la meza, halafu la chakula chenyewe. Boding basi, kwa asili, ni mahali pa kulishwa. Aliyekula githeri ya huko ana maoni yake. Ubao wa kuwekea vikombe ukaitwa 'cupboard', nasi tukaufanya kabati.

Mabaharia walikuwa na 'bord' yao, ubavu wa chombo. Kasia la kuongozea lilikaa kulia, hivyo upande huo ni 'starboard', ubavu wa usukani. Wa kushoto uliitwa 'larboard', na kwa kuwa majina hayo yalichanganya watu, jeshi la majini la Uingereza liliamuru mwaka 1844 wa kushoto uitwe 'port'.

Mimi hasa nimeshikwa na maana ya wanaoketi. Wakubwa walioizunguka meza kuamua mambo ya wengine wakachukua jina la meza yenyewe. Ndivyo bodi ilivyotufikia. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni hapa Kenya ilipitisha sheria yenye bodi ya kutunza ardhi ya Waafrika. Ahadi ilikuwa kwamba maeneo hayo ni yao daima, na kipande kikichukuliwa, watapewa kingine badala yake.

Kisha dhahabu ikapatikana Kakamega. Ilipofika Desemba 1932, sheria ilikuwa imeshabadilishwa, haraka haraka. Sasa ardhi ingeweza kutolewa kwa wachimbaji bila baraza la wenyeji kuulizwa kwanza, na badala ya shamba kwa shamba, fidia ikawa pesa. Miaka 2 tu tangu ile 'daima'. Bodi ilikuwa bado ipo, na jina lake lilikuwa lile lile la utunzaji.