Kiungo cha Malipo ya Sarafu Mtandao: Msimamo wa Sheria

Kiungo cha malipo ni anwani ambayo muuzaji humtumia mteja kwa simu. Mteja akiifungua huona kiasi anachodaiwa na kulipa, mathalani kwa Bitcoin. Hata hivyo, Benki Kuu ya Tanzania, katika taarifa kwa umma ya Novemba 2019, ilieleza kuwa sarafu hizo si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, lakini kutozwa kodi hakuzifanyi kuwa fedha halali.

Anwani ikikosewa, malipo hayarejeshwi. Hivyo, mfanyabiashara wa Kwamndolwa, Korogwe, anashauriwa kupokea shilingi, taslimu au kwa Lipa Namba, na kuhakiki salio kabla ya kukabidhi bidhaa.