Manowari ya bomba tatu: kuijenga upya Königsberg kwa brasi na gundi

Panda basi la Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Kibiti, kisha tafuta mtumbwi wa kukuingiza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, upande wa Salale. Humo ndimo ilimozama SMS Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani iliyowahangaisha Waingereza kwa karibu mwaka mzima. Ukifika utaona nini? Maji, tope na mikoko, basi. Mabaki ya mwisho yalididimia kwenye kitanda cha mto mwaka 1966.

Kwa hiyo anayetaka kuiona leo ana njia mbili: picha za zamani au modeli. Sisi tuzungumzie modeli. Sio ile ya kuchezea watoto, bali modeli ya skeli, ambayo kila kipande chake kimepimwa kwa uwiano na kile cha meli halisi. Modeli ya namna hiyo inafundisha mambo ambayo vitabu huyapita haraka. Lakini kuna mambo pia inayaficha, na hayo tutayafikia.

Kwanza, meli yenyewe

Königsberg ilishushwa majini huko Kiel Desemba 1905 na kuanza kazi Aprili 1907. Ilikuwa na urefu wa mita 115.3, upana wa mita 13.2 na mizinga kumi yenye kipenyo cha milimita 105. Ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff. Wenyeji hawakuhangaika na jina la Kijerumani. Walihesabu dohani zake wakaiita "manowari na bomba tatu".

Tarehe 31 Julai ilitoka bandarini haraka, isije ikafungiwa ndani vita vikianza. Agosti 6 ikaiteka meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester. Alfajiri ya Septemba 20 ikatokea Zanzibar na kuikuta HMS Pegasus imetia nanga, mitambo yake ikishughulikiwa. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali zaidi, kwa hiyo Pegasus ilipigwa bila kuweza kujibu ipasavyo, ikazama siku hiyo hiyo. Baada ya hapo mitambo ya Königsberg nayo ikagoma, ikarudi kujificha Rufiji.

Kwa nini brasi?

Skeli wanayoipenda wajenzi wengi wa manowari ni 1:350. Gawanya mita 115.3 kwa 350, unapata sentimita 33 hivi, yaani inazidi kidogo rula ya mwanafunzi. Sasa chukua vyuma vya kushikia pembeni ya sitaha, vile vinavyomzuia baharia asidondoke. Chuma chenye unene wa sentimita 2.5 kinakuwa milimita 0.07 kwenye modeli, sawa na unene wa unywele. Plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo haiwezi kuwa nyembamba hivyo. Itakatika, au haitafika kabisa kwenye pembe za umbo.

Hapo ndipo brasi inapoingia. Kamusi nyingi huiita shaba nyeupe, nayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Kazi inaanza na karatasi ya brasi yenye unene wa karibu milimita 0.1 au 0.2. Inapakwa dawa inayohisi mwanga, kisha inafunikwa kwa filamu yenye mchoro wa vipande na kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Dawa iliyopigwa na mwanga inaganda. Isiyopigwa inaoshwa na kuondoka. Halafu karatasi inatiwa kwenye kloridi ya chuma, ambayo inakula brasi yote isiyo na kinga. Kinachobaki ni ngazi, vyuma vya pembeni, taa za kutafutia na milango, vyote vimeshikana kwenye fremu moja kama majani kwenye tawi.

Kama umewahi kumwona mwanafunzi wa umeme akitengeneza bodi ya saketi nyumbani, umeshaiona kemia hii. Ioni za chuma zinapokonya elektroni kutoka kwenye shaba, na shaba inayeyuka kuingia kwenye maji. Ujanja wa ziada ni kula upande mmoja tu mpaka nusu ya unene. Unabaki mfereji mwembamba, na hapo ndipo mjenzi anapokunja kipande bila kukivunja. Anayebaki na kibanio, gundi kali na pumzi za kubana anajua kwamba hii si kazi ya jioni moja.

Milimita zinazoeleza vita

Modeli inaanza kulipa unapoweka meli mbili sambamba. Königsberg ilizama majini zaidi ya mita 5, ambazo kwenye skeli yetu ni milimita 15. Sasa weka pembeni HMS Severn au HMS Mersey. Meli hizi zilitengenezwa awali kwa ajili ya Brazili, kwa kazi za mtoni, na zilihitaji maji ya kina cha mita 1.7 tu. Hiyo ni milimita 5.

Tofauti hiyo ya sentimita moja ndiyo iliyoamua mambo. Manowari kubwa za Waingereza zilibaki baharini zikilinda midomo ya mto, maana zingekwama kwenye tope. Severn na Mersey ziliweza kuingia. Shambulio la Julai 6, 1915 halikufua dafu. Wakarudi Julai 11, ndege zilizotoka Mafia zikiwaelekeza makombora yanadondokea wapi. Safari hii walilenga, na Looff akaamuru meli yake izamishwe.

Kisichokuwemo kwenye boksi

Sasa tuje kwenye yale yanayofichwa. Fungua seti yoyote ya meli ya kivita: utakuta mizinga, nanga, boti. Hutakuta mtu aliyeburuta kitu.

Wakati Königsberg imejificha, sehemu mbovu za mitambo yake zilisafirishwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa na kurudishwa Rufiji. Hazikuruka. Zilivutwa na watu wa huku. Baada ya meli kuzama, mizinga yote kumi ilitolewa majini, ikatiwa magurudumu na kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu. Mmoja ulifika mpaka Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen. Meli hiyo yenyewe ilikuwa kama seti ya modeli katika skeli ya 1:1. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kuja kuunganishwa Kigoma. Ndiyo MV Liemba ya leo.

Na nani aliyebeba mzigo wa vita ile? Wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi kwa magonjwa na njaa. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi chao. Kila siku tunashuka kwenye daladala pale kununua nguo na simu bila kuwakumbuka.

Mtu wa kawaida kwenye skeli ya 1:350 ana urefu wa milimita 5. Brasi ile ile iliyotoa ngazi inaweza kutoa mstari wa watu wameshika kamba, na nyuma yao mzinga wenye mtutu wa milimita 12. Kiufundi hakuna kinachozuia. Kinachoamua ni nani anachora filamu.

Brasi ilikoishia

Mwaka 1924 John Ingles, aliyekuwa kapteni wa Pegasus, alinunua haki ya kuokoa mabaki ya Königsberg kwa pauni 200, akatuma wapiga mbizi kutafuta metali zisizo za chuma. Yaani shaba na brasi ya meli halisi ilichotwa kutoka kwenye tope letu na kuuzwa. Mizinga inayojulikana kubaki ni mitatu: mmoja Pretoria, mmoja Jinja, na mmoja Fort Jesus, Mombasa, ambako upo jirani na mzinga wa Pegasus. Tanzania hauko hata mmoja.

Mzinga hatuwezi kuuunda upya, lakini modeli tunaweza. Vifaa vya kutengeneza bodi za saketi vinatosha kuanzia, na vipimo vya meli vinajulikana. Klabu ya sayansi ya shule yoyote ya Temeke au Kinondoni ingeweza kujenga Königsberg ikiwa Salale, mikoko pembeni, na wale watu wa milimita 5 wakiwa mbele, mahali ambapo mtazamaji hawezi kuwakosa.