Kutoka Columbia hadi Kipakatalishi cha Mtafiti: Historia ya Uokoaji wa Data na Funzo Lake kwa Hifadhi za Kiswahili

Rekodi za masimulizi, kopasi na rasimu za kamusi zinazokusanywa katika ukanda wetu huhifadhiwa kwanza katika vipakatalishi vya watafiti, na mara nyingi hubaki humo. Diski inapoharibika, swali la kwanza huwa iwapo faili zinaweza kuokolewa. Makala haya yanalitazama swali hilo kihistoria. Hoja yake ni kwamba uwezekano wa uokoaji umepungua kadiri teknolojia ya kuhifadhi ilivyoendelea. Kwa hiyo sera ya utafiti haipaswi kuutegemea.

Diski kuu ya kwanza ya kibiashara ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 na ilibeba takriban herufi milioni 5. Msingi wake ulidumu kwa miongo mingi: sahani yenye utando wa sumaku huzunguka, nacho kichwa husoma na kuandika kikielea juu yake. Muundo huo uliupa uokoaji nafasi. Saketi ikiungua au kichwa kikivunjika, maandishi yaliweza kubaki salama katika sahani. Hata kufuta faili kwa kawaida kuliondoa tu rejeleo la mahali ilipo. Yaliyomo yalibaki mpaka yaandikwe mengine juu yake.

Kielelezo mashuhuri ni diski ya chombo cha anga Columbia, kilichosambaratika juu ya Texas tarehe 1 Februari 2003 na kuwaua wanaanga wote 7. Diski hiyo ya takriban megabaiti 400 ilibeba matokeo ya jaribio kuhusu mnato wa gesi ya zenoni. Ilipookotwa miezi kadhaa baadaye, saketi zilikuwa zimeungua na vumbi limepenya ndani. Mafundi wa kampuni ya Kroll Ontrack nchini Marekani walizisafisha sahani, wakaziweka katika diski nyingine, na kuokoa takriban asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Physical Review E.

Ufanisi huo ulikuwa na sababu mahususi. Sahani hazikupinda. Diski haikuwa imejaa, na madhara makubwa yaliangukia sehemu isiyoandikwa. Kompyuta ilitumia DOS, mfumo ambao hapo uliandika data kwa mfululizo bila kuitawanya. Ukale wa vifaa ndio uliosaidia. Isitoshe, sehemu ya data ilikuwa imekwisha kutumwa duniani kwa redio wakati wa safari. Hiyo haikuhitaji kuokolewa.

Vipakatalishi vingi vya leo havina sahani. Data hukaa katika chipu, na mfumo endeshi huiarifu diski ni sehemu zipi hazihitajiki tena ili izisafishe. Faili iliyofutwa huweza kutoweka kabisa baada ya muda mfupi. Aidha, data nyingi sasa husimbwa. Ufunguo ukipotea pamoja na saketi iliyoutunza, hata chipu nzima haisomeki.

Historia ya Kiswahili yenyewe inaonyesha njia ya uhakika zaidi. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa ajili ya wasomi kama William Hichens na Ernst Dammann. Nakala hizo zingalipo London na Ujerumani, na watafiti huzitumia hadi leo. Kilichozihifadhi ni kunakiliwa na kuwekwa mahali pengine. Hata hivyo, mtafiti wa Lamu anayetaka kuziona katika asili yake hulazimika kusafiri mbali.

Yapo mapendekezo mawili. Kwanza, wafadhili na vyuo vikuu viyafanye malipo ya awamu ya mwisho ya mradi yategemee kukabidhiwa kwa nakala rudufu ya data ghafi. Pili, nakala hizo zitunzwe katika angalau taasisi mbili, kila moja katika nchi yake ndani ya ukanda huu. Msimuliaji mzee aliyerekodiwa mara moja huenda asipatikane tena. Sauti yake isiachwe itegemee uzima wa diski moja.