Makka na Madina: Siku Kumi za Ngamia, Saa Mbili za Treni



Ndugu msomaji, ukisimama hapa Kikoneni ukaelekea kibla, unatazama kaskazini karibu moja kwa moja. Chukua ramani uhakikishe: Kikoneni, Makka na Madina zote ziko baina ya longitudo 39 na 40 mashariki. Kwa njia ya anga, kutoka kwetu hadi Makka ni kama kilomita 2,900. Ongeza 340 hivi, umefika Madina.

Hizo 340 za mwisho ndizo tuzizungumze leo, maana zina historia ya mwezi huu.

Tarehe 10 Ramadhan mwaka wa 8 Hijria (630 Miladia), Mtume (S.A.W.) alitoka Madina kwenda kuifungua Makka, na jeshi lake likafikia watu 10,000. Njia ya ardhini huzunguka, ni kama kilomita 450. Watu walikwenda kwa ngamia, farasi na miguu, tena wamefunga. Safari ilichukua siku kumi hivi. Walipofika Kadid, baina ya Usfan na Qudayd, Mtume (S.A.W.) alifungua. Katika riwaya ya Jabir (R.A.), aliomba chombo cha maji baada ya Alasiri, akakiinua mpaka watu wakamuona, ndipo akanywa. Hakunywa kwa kujificha, bali aliwaonyesha kwamba ruhusa ya msafiri ni haki yao.

Njia hiyo ilibaki ya misafara kwa karne nyingi. Reli ya Hijaz kutoka Damascus ilifika Madina mwaka 1908, lakini haikufika Makka. Siku hizi ndege kutoka Jeddah hadi Madina huchukua saa moja hivi. Na tangu 2018 kuna treni ya Haramain, inayokimbia hadi kilomita 300 kwa saa; Makka hadi Madina ni saa mbili na kitu.

Sasa hebu tuulizane, vijana wenzangu. Mtu amekaa kwenye kiti laini, baridi inampuliza, saa mbili kafika. Je, huyu naye ni msafiri wa kufungua?

Naam. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kinachotazamwa ni masafa, wala si uchovu. Ni marhala mbili, yaani kilomita 80 na kidogo. Kwa hivyo anayetoka hapa kwenda sokoni Ukunda hana ruhusa hiyo, hata matatu ikimchosha vipi. Anayekwenda Malindi anayo, maadamu safari yake ni ya halali na ametoka mjini kwake kabla ya Alfajiri. Na siku aliyokula atailipa. Lakini asiyedhurika na funga, kufunga ni bora kwake.

Basi tusiwe wa aina mbili: yule anayetafuta safari ili ale mchana, na yule anayemcheka msafiri aliyekunywa maji. Wa kwanza anaichezea ruhusa. Wa pili amesahau chombo kile kilichoinuliwa mbele ya maelfu.

Usafiri umebadilika sana, lakini hukumu ya msafiri ni ile ile. Ukibarikiwa kwenda Umra, inshaAllah, ukiwa ndani ya treni hiyo chungulia dirishani, ukumbuke waliopita nchi ile kwa siku kumi, na kiu yao.

Wabillahi tawfiq.